Utamu Unaopungua Pipani

Jumamosi asubuhi fundi wa friji alimimina maji ya moto juu ya kimea cha shayiri, akakoroga mpaka madonge yakaisha, akalifunika pipa kwa blanketi kuukuu, kisha akakaa kando yake kama anayemuuguza mtu. Saa moja baadaye alichota maji kidogo, akayaacha yapoe, akatumbukiza kipimo chake cha kioo. Maji yakikolea utamu, kipimo huelea juu. Yakiwa hafifu, kinazama. Kilizama. Ilikuwa mara ya tano mfululizo, na bia ya mara nne za kwanza ilitoka nyepesi kiasi kwamba wageni waliisifia kwa kukata kiu.

Fundi hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwenye friji za watu alikuwa na kanuni moja: badilisha kitu kimoja, pima, ndipo uguse kingine. Kwa hiyo alikuwa amesaga kimea laini zaidi, akapima. Akanunua kipimajoto kipya, akapima. Akaacha maji ya bomba akatumia ya mvua. Akasuuza makapi polepole, kikombe kwa kikombe, mpaka mgongo ukamuuma.

"Utamu umo ndani ya punje," alimwambia mkewe. "Kinachonishinda ni kuutoa."

"Labda huo utamu unaogopa hiyo sura uliyokunja," mkewe akasema.

Aliyemsaidia kubeba ndoo siku zote alikuwa mdogo wake wa kike, mshonaji, aliyeishi chumba cha nyuma cha nyumba hiyohiyo. Nyumba ilikuwa ya marehemu mama yao. Fundi alisema kwamba jioni ya mwisho, mshonaji alipotoka kufuata dawa, mama alimwachia yeye nyumba yote, peke yake. Mtu mwingine wa kushuhudia hakuwepo. Sasa chumba cha nyuma, ambacho hakipigwi na jua, kilihitajika kwa mapipa, kwa sababu bia inayoumuka hutaka ubaridi. Mshonaji aliambiwa ahame mwisho wa mwezi. Hakugomba. Alitaka tu kujua kama mama alisema hivyo kweli, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi iliyofuata mshonaji alishauri wasingoje saa iishe. Wakajaza chupa nyembamba kwa maji ya pipa, wakatia kipimo ndani, wakawa wanakitazama. Kilielea vizuri kabisa. Halafu simu ya fundi ikaita.

"Niko njiani, mama," fundi alimwambia mteja, amekaa kwenye stuli, peku. "Nafika sasa hivi."

Kipimo kikashuka. Simu ikaita tena, naye akamwambia mteja wa pili kwamba spea yake imefika. Kikashuka zaidi.

"Kaka, ni hiyo simu," mshonaji alisema.

"Simu inapunguza utamu?"

"Simu haina kosa. Ni hayo unayoyasema."

Fundi alitafakari. Lilikuwa jambo la kupimika, na yeye aliheshimu jambo la kupimika. Alizima simu, akajaza chupa upya, akamwita mkewe aje aseme uongo.

"Wifi, hilo gauni limekupendeza," mke alisema bila kufikiri sana.

Kikashuka. Mshonaji, aliyelishona mwenyewe, alicheka kuliko wote. Fundi akasema leo ni Jumamosi, kipimo kikatulia. Akasema mkewe hajawahi kuunguza chakula. Kikazama, na mkewe akasema kwa hilo hahitaji kioo kumweleza. Fundi alifurahi kwelikweli. Ukishajua ugonjwa, alisema, nusu ya dawa unayo.

"Jaribu moja tena," mshonaji alisema. "Sema mama alikuachia nyumba yote."

Fundi angeweza kukataa. Lakini kanuni ni kanuni, na huenda naye alikuwa na hamu ya kuona.

"Mama aliniachia nyumba yote."

Kipimo kilizama mpaka kikagonga kitako cha chupa. Mkewe alichukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa. Mshonaji aliumia, na papo hapo akafarijika, kwa kuwa mama hakuwa amemsahau.

"Kwa hiyo?" aliuliza.

Fundi alionja maji ya pipa. Yalikuwa kama ya kunawia.

"Kwa hiyo tumejua. Kimea hakitaki maneno. Kuanzia leo, pipa likiwa na kimea, hakuna kuongea."

"Na nyumba je?"

"Si ndiyo hayo maneno yenyewe?"

Mwisho wa mwezi ukaangukia siku ya kupika bia. Majirani walikuja kusaidia kubeba cherehani na kabati, wakatembea kwa ncha za vidole, maana habari za pipa zilikwisha kuenea mtaani na kila mtu alikuwa ameahidiwa chupa. Fundi mwenyewe alishika kitanda upande wa kichwani, ulio mzito. Katika kubeba hakuwa mchoyo. Muuza duka wa jirani alisahau, akauliza kwa nini dada mtu anahama nyumba ya mama yake. Fundi akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha pipa kwa kidevu.

Mshonaji alisimama mlangoni, mto kwapani. Alijua kile kipimo kinachukia nini, na kwamba ukweli haukidhuru.

"Nyumba hii ni yetu sote wawili," alisema, kwa sauti ya kawaida.

Kwenye chupa kando ya pipa, kipimo hakikutikisika hata kidogo. Kila mtu alikiona.

"Taratibu, dada," muuza duka alinong'ona, akimpokea mto. "Utatuharibia bia."