Mguu wa Fundi Ulikuwa wa Nani

Ushirikiano wa Kisukari wa Kanda ulizaliwa buchani, na aliyeuzaa alikuwa amekwenda kununua nyama tu. Aliitwa Mratibu, hata mkewe alimwita hivyo, na kwa mwaka mzima alikuwa akihangaika kuzipatanisha zahanati tatu zisizopikika chungu kimoja: ya kilimani, ya sokoni na ya ng'ambo ya daraja. Walichogombania ni wagonjwa wa sukari. Mgonjwa wa sukari ana mambo mengi, leo macho, kesho figo, keshokutwa miguu, na kila zahanati ilidai kwamba ni wake. Vikao vilivunjika kimoja baada ya kingine. Kimoja kilivunjika hata kabla ya kuanza, kwa kuwa walishindwa kukubaliana nani afungue mlango.

Basi siku hiyo, akiwa kwenye foleni ya buchani, Mratibu akainua macho akaona ukutani mchoro wa ng'ombe aliyegawanywa kwa mistari: huku sarara, kule paja, hapa mbavu. Watu walikuwa wakija, wanachagua, wanaondoka, na hakuna aliyemshika mwenzake shati. Mratibu alipigwa na bumbuwazi. Alitoka mbio mpaka ofisini, nyama akaisahau kwa muuzaji, akakaa chini akachora mtu.

Wiki ileile zahanati zote tatu zilikubali. Ya kilimani ilipewa kichwa, macho yakiwemo, mpaka shingoni. Ya sokoni ilipewa kiwiliwili pamoja na mikono, halafu miguu mpaka kwenye kifundo. Ya ng'ambo ya daraja ikapewa kila kitu kuanzia kifundo kwenda chini. Damu ilileta kashikashi kidogo kwa sababu haitulii mahali pamoja, lakini wakaafikiana kwamba damu ni ya zahanati ile ambayo kwa wakati huo inapita katika eneo lake. Kwa hiyo Sista Mkuu wa kilimani, mama wa makamo asiyejua mzaha na sheria, alipotaka kupima sukari alimtoboa mgonjwa sikioni, maana vidole vilikuwa mali ya sokoni. Wagonjwa walilalamika, kisha wakazoea. Mwambie mtu kwamba ni utaratibu, atazoea hata kutobolewa pua.

Ushirikiano ulipendeza, tusiseme uongo. Mchoro ulichapishwa kwa rangi, na wageni kutoka kanda nyingine walikuja kuupiga picha. Mratibu alivimba kichwa kidogo. Lakini aliyefurahi kuliko wote alikuwa baba yake, fundi cherehani aliyeshona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Aliubandika mchoro juu ya cherehani, na kila mteja aliyekuja kupimwa suruali alisomeshwa kwanza. "Kazi ya mwanangu hiyo," alisema. Mwenyewe alikuwa na sukari miaka mingi, kwa hiyo alikuwa amegawanywa kama wengine, na alitembea kifua mbele kana kwamba amepewa cheo.

Sasa, chuma cha pedali ya cherehani kikamchubua kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Hakusikia kitu, miguu yake ilikuwa imekufa ganzi zamani. Aliyeona damu ni Mama, mkewe, tena kwenye kaptura ya mtoto wa watu iliyokuwa imedondoka sakafuni. Zahanati ya kilimani ilikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba yao, hivyo Mama alimshika mzee mkono akampeleka huko. Sista Mkuu alimkagua macho kwa subira yote, jicho moja kisha la pili, akasema ni mazuri kabisa.

"Na mguu, Sista?" Mama aliuliza.

"Mguu upi?"

"Huu hapa mbele yako, unaovuja damu."

"Mama yangu, mimi naishia shingoni," alisema Sista Mkuu, akautazama ukuta. "Nikiangalia huko chini nitakuwa nimeingia zahanati ya watu."

Wakaenda ng'ambo ya daraja. Huko mkuu wa zahanati alikuwa tabibu mwembamba ambaye watu walimbandika jina la Bwana Nyayo. Alikitazama kidonda akasikitika kwelikweli, kisha akasema kimeanzia juu ya kifundo, basi ni cha sokoni. Daktari wa sokoni naye akasikitika, akasema kimeishia chini ya kifundo, basi ni cha Bwana Nyayo. Wazee wakawa wanavuka daraja kwenda na kurudi, na kidonda kinazidi kunawiri. Mama alitaka kumweleza mtoto wao. Fundi akamkatalia katakata.

"Ukimwambia itabidi avunje makubaliano aliyoyasotea," alisema. "Mtoto amepata jina. Mguu utapona wenyewe."

Mratibu aligundua kwa pua. Alikuja kuwasalimia wazazi siku ya mapumziko, akasikia harufu ambayo haikuwa ya kitambaa wala ya mafuta ya cherehani, akainama chini ya meza. Alichokiona huko kilimkata maini. Mtu yeyote mwenye akili zake angembeba baba yake mgongoni na kumfikisha popote penye maji safi na dawa. Mratibu aliitisha kikao cha dharura.

Wakuu wote watatu walikuja, kila mmoja na mkoba wake, wakajibanza kwenye chumba cha kushonea. Fundi alikalishwa juu ya meza ya kukatia, mguu wake ukawekwa kwenye kigoda. Wakuu wakapiga magoti kuuzunguka, nyuso zimekaribiana kuliko zilivyowahi kukaribiana katika mwaka mzima wa vikao.

"Tumieni futi yangu," Fundi aliwaambia, akaivua shingoni. "Haidanganyi."

Wakapima kidonda. Kilikuwa nusu kwa nusu. Wakapima tena kutokea upande wa ndani, Daktari akagundua kwamba mfupa wa kifundo upande wa ndani uko juu kuliko wa nje, kumbe mpaka wenyewe ulikuwa umekaa mshazari tangu siku ya kwanza. Bwana Nyayo akasema hakutia saini mpaka wa mshazari. Daktari akasema mfupa haukuombwa saini. Sauti zikapanda, futi ikavutwa huku na huku, na Fundi akawa anawaomba wasiikate maana anaitegemea.

Mwishowe Bwana Nyayo akapata fikra.

"Vidonda vya sukari huwa vinakua," alisema taratibu. "Tukipe muda. Kitaelemea upande mmoja tu, na hapo mwenyewe atajulikana bila ugomvi."

Daktari akaona ni haki. Sista Mkuu akasema yeye hana pingamizi, ila kikifika shingoni aitwe mara moja. Mratibu, kwa mazoea ya vikao, alikuwa ameshafungua mdomo kusema imepitishwa. Ndipo akamwona baba yake juu ya meza, naye anatikisa kichwa kukubali, anatabasamu ili mtoto wake asiaibike mbele ya wakubwa. Akaufunga mdomo. Alijichukia pale, alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu, na bado hakujua la kufanya.

"Naomba kuuliza," alisema Mama kutoka mlangoni, mikono kiunoni. "Mimi sina sukari. Nikiumia mguu hapo hapo mlipopashika, ananitibu nani?"

"Yeyote, Mama," Daktari alijibu. "Wewe mzima. Watu wazima hawakugawanywa."

"Yaani ubaya wa mume wangu ni kuumwa?"

Mratibu alisimama, akafunga vifungo vya koti lake.

"Kwa mamlaka niliyopewa na Kanda," alisema, "natangaza kwamba huyu mzee hana kisukari."

Fundi akakohoa.

"Lakini ninacho, mwanangu."

"Nyamaza, baba. Umepona."

Hapo ungewaona! Sista Mkuu ndiye aliyeanza, alikuwa ameshafungua mkoba kabla Mratibu hajakaa. Aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, Bwana Nyayo akaikata nyama iliyokufa kwa mkono mwepesi ajabu, Daktari akampima mzee sukari kidoleni, akampangia upya sindano zake za insulini na kumtafutia dawa ya kuua wadudu. Hawakuulizana chochote. Walikuwa wakijua kazi yao tangu mwanzo, na hilo ndilo lililomtia Mratibu uchungu zaidi. Sista Mkuu alikuwa akifunga bendeji huku machozi yanamchuruzika.

"Nimekuwa nikiisikia harufu yake ukutani siku zote hizi," alisema. "Nawasha feni."

Mguu ulipona polepole, na Fundi, ambaye mdomo wake haukuwa na kifungo, aliwasimulia wateja. Habari zikaenea. Watu wakaanza kujipanga nje ya ofisi ya Mratibu wakiomba kutangazwa wazima, kila mmoja na sababu yake: huyu jicho, yule figo, mwingine amechoka tu kutobolewa sikio. Mratibu aliwatangaza wote. Waliopona waliingia zahanati yoyote iliyokuwa karibu nao, wakakaguliwa kuanzia utosini mpaka unyayoni katika chumba kimoja, wakapewa dawa zao na kufokewa kuhusu soda. Hali zao zikawa nzuri kuliko zilivyowahi kuwa walipokuwa wagonjwa. Haukupita muda mrefu, Kanda nzima ikabaki haina mgonjwa wa sukari hata wa kusingizia.

Makao makuu yalituma pongezi. Waliandika kwamba hakuna kanda nyingine duniani iliyoumaliza ugonjwa huo kwa kasi namna ile, na kwa kuwa umekwisha, shehena ya dawa nayo ingesitishwa. Isipokuwa kama amebaki mgonjwa japo mmoja. Akiwepo mmoja, shehena ingekuja yote kama kawaida, kwa kuwa hawakuwa na utaratibu wa kutuma nusu.

Wakakutana tena kwenye chumba kilekile cha kushonea, kwani ndicho mahali pekee walipowahi kuelewana. Ilibidi apatikane mtu wa kuandikwa mgonjwa, na shida ikawa wazi: mchoro ulikuwa na saini zao na za makao makuu, hivyo atakayeandikwa angegawanywa palepale. Wakatazama viatu vyao.

"Niandikeni mimi," Mratibu alisema. "Mimi sina kitu, mkinigawa hamtaniharibia."

Wazo lilipendwa. Ila haandikwi mtu bila kipimo, kwa hiyo Sista Mkuu alimtoboa kidole, akiwa tayari kuzidisha kidogo kitakachosomeka. Akakitazama kipimo. Akamtoboa kidole kingine.

"Umekula nini leo, Mratibu?"

"Sijala kitu tangu jana jioni."

Sista Mkuu hakuzidisha chochote. Alimpa Daktari kipimo, Daktari akampa Bwana Nyayo, na hakuna aliyecheka. Mratibu alikumbuka kiu yake ya miezi ile, chupa za maji zilizojaa chini ya dawati lake, miguu iliyokuwa ikimchonyota akivua soksi. Mwaka mzima alikuwa ameigawa miili ya watu, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza habari za wake. Akaogopa. Akainua macho amwombe mmoja wao aseme neno, akawakuta wameshaanza kazi: Sista Mkuu anamtazama machoni, Daktari anamtazama tumboni, Bwana Nyayo anamtazama viatu. Hawakuwa na nia mbaya, ni mazoea tu. Lakini katika wale watatu hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akimtazama yeye.

Fundi alishuka kwenye kiti chake cha cherehani. Alitembea bado anachechemea, akaja akasimama mbele ya mtoto wake, akawaziba wote wasimwone.

"Huyu mwandikeni mzima," alisema.

"Mzee, kipimo kinasema..." Daktari alianza.

"Mwandikeni mzima, halafu mtibuni. Wote watatu, leo hii. Sitaki kusikia habari za mpaka."

"Na dawa, Fundi?" Bwana Nyayo aliuliza kwa upole. "Asipokuwepo mgonjwa haziji. Na huyu sasa anazihitaji."

"Mgonjwa niandikeni mimi."

Mratibu alimshika baba yake bega kwa nyuma. Lilikuwa bega dogo kuliko alivyolikumbuka.

"Baba, watakugawa tena. Na mguu huo ukirudi kuumwa, hatakuwepo wa kuugusa."

"Najua," Fundi alisema, bila kugeuka. "Nawe ulizaliwa na viungo vyote, mama yako na mimi tulivihesabu. Andika, Sista."

Sista Mkuu alimtazama Mama, na Mama akageuza uso wake ukutani. Kisha Sista akachukua kalamu, akaandika.