Ufa Juu ya Reli

Kazi yangu ilikuwa kupima kama mlima utaanguka. Reli ya Mjerumani ilikuwa imevuka Bahi na sasa tunaipasulia njia mlimani. Kila asubuhi mimi, Athuman wa Kondoa, nilipanda juu kukagua udongo kabla watu hawajaingia chini kuchimba. Huko juu palikuwa na ufa mrefu. Nilipigilia vijiti viwili, kimoja kila upande, nikapima nafasi kati yake kwa kamba. Nafasi ikiongezeka, watu hawaingii.

Jumatatu iliongezeka vidole viwili, nikawazuia watu. Msimamizi, Mjerumani mwenye haraka ya mtu anayekimbizwa, akaamuru nichapwe hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, kwa kuchelewesha kazi.

Jioni shemeji yangu Matonya, mdogo wake mke wangu Tabu, aliniosha mgongo kwa maji ya chumvi. Alikuwa mmoja wa wachimbaji, Mgogo mcheshi asiyejua kununa.

"Pole, shemeji. Ufa ule ndio adui yako."

Nilikuwa nimeuma meno, na nilimwona hajui lolote. Laiti ningalimwambia kwamba ufa ule ndio ulionipa habari za mlima.

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi nilipopanda, ufa haukuwapo, wala vijiti. Ardhi ilikuwa sawasawa, imelainika. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nilijiambia mvua imeufunga ufa na maji yamezoa vijiti. Nasema kweli: siku ile nilikagua kwa mgongo, si kwa macho. Nikapunga kitambaa cheupe cha kuruhusu kazi, watu kumi na tisa wakaingia.

Matonya akaniita kutoka chini.

"Shemeji! Umeiona kazi yangu? Alfajiri nimekuzibia ule ufa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kama paa la udongo la tembe! Vijiti vyako nimekuwekea. Si ninyi mnaosema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

Wenzake wakacheka.

"Tokeni!" nikapiga kelele. "Tokeni huko!"

Matonya alikuwa bado anacheka mlima uliposhuka. Ulikatika pale pale alipoziba, hatua tatu mbele yangu.

Tulifukua siku tatu. Tulipompata, vijiti vyangu viwili vilikuwa kiunoni mwake, amevifunga vizuri kwa ukanda wa ngozi.

Nilimweleza Tabu yote, na kile kitambaa cheupe sikukificha.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kuziba paa," akasema.

Mpaka leo mvua zikija, tembe letu linavuja. Udongo upo, mavi ya ng'ombe yapo. Tabu anasogeza vyungu, mimi nasogeza mkeka, na hakuna anayepanda juu.