Picha Nane za Mama

Mabinamu ni watani, hilo halina mjadala, lakini hawa wawili walikuwa wameuvusha utani mpaka. Walichangia chumba kimoja cha kazi juu ya duka la vifaa vya ofisini, meza zimetazamana, feni moja, na kila mmoja akiamini kwamba mwenzake kapotea njia. Mmoja aliitwa Nukta tangu utotoni, kwa kosa la kudonoa kuta zote za nyumba kwa kalamu. Mwenzake hakuwahi kupata jina la utani. Nukta alimwita Binamu, na akikasirika alimwita Binamu vilevile, ila kwa kukaza meno.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa plagini. Kwa asiyejua, plagini ni kijiprogramu kinachobandikwa kwenye kivinjari cha kompyuta ili ukurasa wa mtandao, ambao kwa kawaida hutulia tuli kama gazeti, uanze kucheza: picha zisogee, sauti itoke, mtu abofye na kitu kimjibu. Enzi hizo zilikuwa zinavuma mbili, Wimbi na Mwanga, na kila moja ikijitapa kwamba ndiyo itakayobaki. Nukta alikuwa mtu wa Wimbi tangu anaanza kazi. Binamu alihamia Mwanga ilipotoka tu, hata wiki haikupita.

"Kipya kinyemi, kingawa kidonda," Nukta alimwambia.

"Na ya kale ni dhahabu, sawa, kaivae basi," Binamu akajibu bila kuinua macho.

Ndipo wakapata kazi moja, wote wawili. Chuo cha wakunga kilitaka somo la kompyuta la kuonyesha jinsi kichwa cha mtoto kinavyogeuka wakati wa kuzaliwa. Walipoanza kubishana mbele ya Mkuu wa chuo, mama mmoja mkali mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, hakuwapa nafasi.

"Kila mtu atengeneze lake," alisema. "Jumatano wanafunzi watajaribu yote mawili. Watakalolielewa ndilo nitakalochukua. Na hapa si sokoni, punguzeni sauti."

Sasa, miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo mama yake Nukta. Alikuwa mhudumu wa zahanati kwa miaka ishirini na miwili, akiwasaidia wakunga, na uzeeni akaamua kutafuta cheti chake mwenyewe. Mikono yake ilijua kila kitu. Lakini mtihani ulitaka aeleze yanayotokea ndani, kusikoonekana: uso wa mtoto unatazama wapi kwanza, unageukia wapi, kichwa kikishatoka kinarudi upande gani. Kitabu kiliyachora hayo kwa mishale, na mishale ilimvuruga. Alikuwa ameanguka mara mbili kwenye swali hilohilo. Anayeanguka mara ya tatu chuo humuaga, na mtihani wa tatu ulikuwa wiki tatu tu baada ya Jumatano ile.

Kwa hiyo wale wawili hawakuwa wanagombania kazi tu. "Shangazi atafaulu kwa Mwanga," Binamu alisema, naye alimpenda shangazi yake kweli, maana ndiye aliyemlea. "Mama atafaulu kwa Wimbi," Nukta akamjibu. Mwenye mtihani hakuulizwa.

Aliulizwa jambo moja tu. Nukta alikuwa na desturi yake: kabla hajagusa programu yoyote, huchora kwanza kwa penseli. Alichora picha nane za mtoto akishuka, akazipiga picha, akaziweka kwenye ukurasa mtupu wa mtandao wenye vitufe viwili, "mbele" na "nyuma". Ukurasa ule haukuhitaji plagini yoyote, kwa kuwa simu ya Mama ilikuwa kuukuu na isingekubali. Mama akawa anazikagua wakati wa chakula cha mchana, halafu anampigia.

"Hiyo ya tano shingo umeivunja. Mtoto haji duniani na shingo ya hivyo."

Nukta akarekebisha mpaka Mama akaridhika. Kisha akausahau ukurasa ule kama mtu anavyosahau karatasi ya hesabu za kujaribia, akaingia kwenye kazi aliyoiona ya maana.

Jumatatu Binamu alikwenda chuoni, akaazima nenosiri kwa fundi wa kompyuta, akaibandika Mwanga kwenye kompyuta zote kumi na mbili. Mwanga ilidai kivinjari kipya, naye akakiweka. Jumanne alikwenda Nukta. Akakuta Wimbi haielewani na kivinjari kipya, akakirudisha cha zamani kwenye zote kumi na mbili, na Mwanga ikaanguka. Alijua kwamba imeanguka. Alijiambia kwamba Binamu atajijua mwenyewe, na nafsi yake ikamsuta kidogo tu. Jioni ileile Binamu akapita kuhakikisha mambo. Akaona alichofanyiwa, akaing'oa Wimbi kwa hasira, akaanza kuirudisha Mwanga. Mtandao wa chuo jioni hiyo ulikuwa wa kinyonga. Kompyuta moja ilichukua karibu saa nzima. Mlinzi akafunga jengo kabla hata ya moja kukamilika.

Jumatano wanafunzi wakaketi. Mkuu akavaa miwani. Kwenye kila kioo kukatokea mraba wa kijivu wenye maneno mawili: Plagini haipo.

Nukta alibofya tena. Kijivu. Akamtazama Binamu, Binamu akatazama sakafu, na hapo kila mmoja akajua mwenzake amefanya nini, na yeye amefanya nini. Aibu ilimshika Nukta mpaka masikioni. Hakuwa akiifikiria kazi tena, alikuwa akimfikiria Mama, aliyekaa mstari wa tatu na daftari lake limefunguliwa ukurasa safi.

"Nani ameharibu?" Mkuu akauliza.

"Mimi," alisema Nukta.

"Na mimi," alisema Binamu. "Mimi zaidi."

"Hata kwenye hilo mnashindana!"

Darasa likacheka. Mama akainua mkono. "Samahani, Mkuu. Kwani si tufungue ule ukurasa wa picha nane?"

"Upi huo?"

"Ule tulio nao sote," akadakia mwanafunzi mwingine. "Mama alitugawia anwani yake tangu wiki iliyopita."

Kabla Nukta hajakataza, vidole vilishaandika. Picha zake za penseli zikatokea kwenye vioo kumi na viwili bila kuomba ruhusa ya mtu. Alitamani ardhi ipasuke, kwa kuwa ilikuwa kazi ya kuonea haya. Lakini Mama alikwishasimama, anabofya na kueleza: "Hapa anatazama ubavuni. Hapa anainamisha kidevu. Hapa anageuka kutazama mgongo wa mama yake. Anatoka. Halafu, angalieni, uso unarudi ubavuni." Hakukosea hata mara moja.

Mkuu akavua miwani. "Nachukua huu," alisema. "Nyinyi wawili mtaukamilisha pamoja. Pamoja, mmenisikia?"

Wakaukamilisha. Binamu, ambaye kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko majivuno yake, aligundua namna ya kuzifanya picha zitiririke kwa lugha ya kivinjari chenyewe, bila plagini yoyote. Nukta alichora nyingine arobaini. Walipotaka kuondoa kitufe cha "nyuma" ili ukurasa upendeze, Mama akakataa katakata. "Mtoto harudi nyuma," alisema, "lakini mwanafunzi hurudi."

Siku ya mtihani walimsubiri nje, kwenye benchi moja, bila kutaniana hata kidogo. Mama alitoka akitembea polepole, mkoba kwapani, na Nukta akaogopa kumuuliza.

"Walinipa mwanasesere," Mama alisema. "Nikamgeuza. Wakaniambia rudia kuanzia anapogeuka. Nikarudi kichwani kwenye picha ya tano, nikaenda mbele taratibu."

"Halafu?" wakauliza kwa pamoja.

"Halafu msimamizi akaandika nimepita. Akaniuliza, mama, nani kakufundisha vizuri hivi?" Akaketi katikati yao, akavua viatu, akanyoosha miguu. "Nikamwambia ni wanangu wawili, wasioelewana."