Miaka Tisa ya Mama Pasi

Alipiga pasi mashuka ya hoteli kwa miaka kumi na minne, mpaka watu wakasahau jina lake wakawa wanamwita Mama Pasi. Kazi aliianza wiki moja na mwanamke mwingine, mcheshi, mwenye ulimi wa asali, na tangu wiki hiyo wakaitana somo. Walikula sahani moja. Mmoja akiugua, mwenzake alimfanyia zamu. Wafanyakazi walipotakiwa kuchagua mwakilishi wa kuwasemea kwa wakubwa, Mama Pasi ndiye aliyezunguka kila idara kumwombea somo wake kura, naye akashinda.

Kisha hoteli ikaamua kufunga chumba cha kufulia na kuipa kazi hiyo kampuni ya nje. Wote saba wa chumba kile wakaambiwa safari yao imefika mwisho. Jumapili asubuhi somo akaja nyumbani kwa Mama Pasi na karatasi. Alieleza kwa upole kwamba amewapigania mpaka sauti imemkauka. Kiinua mgongo kitahesabiwa kwa miaka mitano tu, tangu walipopewa mikataba, kwa kuwa miaka tisa ya mwanzo walikuwa vibarua. Asiyetia saini kufikia Ijumaa atakosa hata hicho.

"Nimewabana mpaka basi, somo," alisema. "Tia saini tupumzike."

Mama Pasi alikuwa keshashika kalamu. Aliyemzuia ni wifi yake, dada wa mumewe, karani katika ofisi ya wakili, aliyekuwa amekaa pale akichambua mchele.

"Wifi, karatasi haina miguu. Iache ilale hapa."

Somo alicheka, akaaga haraka.

Kesho yake wifi akampeleka ofisi ya kazi. Ofisa wa pale aliisoma ile karatasi mara mbili, akamweleza taratibu kama anayemfundisha mtoto kuhesabu: kibarua anayeingia kazini kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, si kibarua tena. Miaka yake inahesabiwa tangu siku ya kwanza. Juu yake anadai mshahara wa mwezi wa notisi na likizo zote ambazo hakwenda. Ila alete ushahidi. Mama Pasi alirudi nyumbani, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa hati zake za mshahara alizozifunga kwa kitambaa. Za zamani zilikuwa zimefifia, lakini zilisomeka.

Alhamisi akaingia kwa meneja. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua faili na kumsogezea barua. Ilisema kwamba wafanyakazi wa kufulia, kwa miaka tisa ile, waliitwa siku za wageni wengi tu.

"Mwakilishi wenu mwenyewe amethibitisha," alisema meneja.

Saini aliijua. Mama Pasi aliuliza kwa sauti ndogo kama somo wake naye amekubali kulipwa miaka mitano.

"Yule haondoki. Anahamia kampuni mpya, atakuwa msimamizi."

Alitamani kutoka akalie chooni, lakini mikono yake ilikwisha kufungua kile kitambaa. Akazipanga hati mezani mwezi kwa mwezi, bila pengo. Meneja alizitazama, akatoka kupiga simu. Aliporudi alikubali miaka kumi na minne, bila notisi, na kwa sharti kwamba asiwaambie wenzake.

"Notisi naitaka," alisema Mama Pasi. "Na kunyamaza sikubali. Mkikataa, Jumatatu tutakutana ofisi ya kazi."

Walivutana wiki mbili. Mwishowe alipata miaka yote, likizo zote, na nusu ya notisi. Sharti la kunyamaza likafutwa, akatia saini. Siku ileile aliwafuata wenzake watano waliobaki. Wawili walikuwa bado wanasitasita, nao wakalipwa kama yeye. Watatu walikwisha kutia saini na kula pesa yao. Ofisa wa kazi aliwaambia madai yao ni mlima, na hadi leo wanaupanda.

Somo alikuja baada ya mwezi. Alisimama mlangoni, hakukaribishwa ndani.

"Waliniambia nikiandika nitabaki kazini," alisema. "Nina watoto watatu."

"Na wangu uliwapakata mwenyewe," alijibu Mama Pasi. "Ungeniambia una njaa, ningekuelewa. Wewe ulikuja kwangu ukaniambia umenipigania."

Somo akaenda zake. Mama Pasi alifunga mlango, akakaa kitandani, akalia kwa mara ya kwanza tangu barua za kuachishwa zitoke. Mumewe alidhani ni kwa ajili ya kazi, akambembeleza kwamba kazi nyingine itapatikana. Hakumsahihisha.