Upana wa Mulango wa Mama Mélanie

Weye unayenisikiliza, unajua mulango wa nyumba yako uko na upana gani? Usiinuke kwanza kupima. Hujui. Muntu anapita kwenye mulango wake miaka makumi mawili, anapita na watoto, anapita na mifuko ya unga, lakini ukimuuliza upana anakuonyesha tu na mikono, hivi. Na mikono inadanganya.

Bwana yangu Hilaire alijua milango ya nusu ya Kikula, mutaa wetu hapa Likasi. Kazi yetu ni kutengeneza salon za watu. Yeye anakata mbao na kugonga mifupa ya kanapé ndefu na fotei za muntu mumoja, mimi ninashona vitambaa vya kuivalisha, mito, na mapazia ya kufanana nayo. Atelier, pahali petu pa kazi, ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, pamoja na bâche, turubai tuliyofunga inje. Miaka thelathini na moja sasa. Watoto wetu wanne, Laure wa kwanza, walisomea katika vumbi ya mbao ile, na wajukuu leo wanapiga chafya humo humo.

Hapa Kikula kila muntu alijijengea. Mulango alioupata ndio alioweka: mumoja aliufanyisha kwa soudeur, fundi wa kuunga chuma, mwingine aliutoa kwenye nyumba iliyobomolewa. Hakuna miwili inayolingana. Kwa hiyo Hilaire, kabla ya kukata ubao wa kwanza, anaenda kwa mwenye kazi na ukanda wa kitambaa, kile kile ambacho mwenyewe alichagua kwa kanapé yake. Anautandaza kwenye mulango, chuma kwa chuma, anaukata pale pale na makasi. Akirudi anautundika kwenye musumari nyuma ya mashine yangu. Ukanda ule ndio mulango wa muntu, na rangi inakuambia ni wa nani. Kanapé isiwe nene kupita ukanda, basi. Namba hatukuandika kamwe. Hilaire alisema namba unaweza kuisoma vibaya, lakini kitambaa utakisoma vibaya namna gani?

Mwaka jana, mvua ilipoanza, nikaanza kuona mambo. Hilaire alimwaga chai kando ya kikombe, akapangusa na mukono kama ilikuwa ni maji ya kunawa tu. Alitafuta musitari wa penseli juu ya ubao na kidole gumba, akiupapasa kama kipofu anavyopapasa uso. Siku moja nilikuwa nimetundika pazia refu karibu na mulango, yeye akaingia, akavua kofia, akasema, “Jambo Mama, karibu, ukae.” Akangoja lile pazia likae. Sikucheka. Nilienda nyuma kusonga bukari, na nilisonga sana siku ile, mpaka mukono ukauma.

Sikumuambia kitu. Fundi wa mbao, ukimuambia macho yake yanaisha, umemubakishia nini? Nikasema nitangojea aseme mwenyewe. Mimi ni muntu wa kungojea, hata watoto wananichekea kwa hilo. Nikawa ninamuchorea misitari na chaki nene, nikisingizia kwamba penseli zimeisha sokoni. Nikasogeza meza yake karibu na mwanga, nikisingizia panya. Yeye hakuuliza, na mimi sikusema. Tukaishi hivyo mwaka muzima, sawa watu wawili waliokanyaga nyoka mumoja, na hakuna anayethubutu kuinua muguu wa kwanza.

Ndipo kazi ya Mama Mélanie ikaja. Anauza vitenge sokoni, ni mwanamuke wa sauti kubwa na moyo muzuri. Binti yake Jessy alikuwa anatolewa dote, mahari yake, na familia ya mwanaume ilikuwa inatoka Lubumbashi, watu wa Kasai, watu wa kuangalia mpaka pembe za mito. Akataka kanapé ya watu watatu, fotei mbili, na mapazia. Velours, kitambaa laini cha nywele fupi, ya rangi ya divai. Wakati ule ule tulikuwa na kazi ya Papa Guy, anayekaa kwenye nyumba za zamani za kampuni, zile za milango mipana, naye alichagua rangi ya kahawa. Kwa hiyo kanda mbili zikawa kwenye musumari, divai na kahawa. Asubui mapema, kabla jua halijaingia, hata mimi ninazisogeza karibu na pua.

Asubui ya kukata kanapé ya Mélanie, Hilaire aliinua mukono kwenye musumari. Vidole vikashika ukanda mumoja, vikauacha, vikashika mwingine. Nilikuwa kwenye mashine, kwenye mushono murefu ambao hautaki usimame katikati. Niliona kwamba ukanda ulioko mukononi mwake unaning'inia mpaka kwenye goti. Wa Mélanie ulikuwa mufupi. Niliona, sitakudanganya. Nikajiambia labda ni jua, labda ni namna anavyoushika. Nikajiambia tena kwamba nikisema, atajua ninajua. Nikaendelea kukanyaga mashine.

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, kabla ya saa sita, Patrice, kijana wa kubeba mizigo, alituletea kanapé na fotei mpaka kwa Mélanie na pousse-pousse yake, mukokoteni wa kusukuma. Wageni walipaswa kufika saa nane. Fotei ziliingia kwa kulazwa ubavu. Kanapé ikafika mulangoni, ikasimama.

“Inua ku kichwa!” Patrice alisema. “Songa! Rudisha! Geuza, Papa, geuza!”

Waligeuza. Walisimamisha wima, ikagonga juu. Walilaza, ikagonga kando. Na nyuma ya mulango kuna ukuta mara moja, hakuna nafasi ya kupindisha.

“Papa Hilaire,” jirani mumoja aliita toka kwenye ukuta, “ulipima mulango ya kanisa?”

“Si kanapé hii, ni kamyo,” mwenzake akajibu. “Mupige klakson, labda nyumba itasogea!”

Watu wakacheka. Hilaire hakucheka. Alikuwa anapapasa chuma cha mulango na mukono wa kushoto, na ubavu wa kanapé na mukono wa kuume, mara huku, mara huku, kama muntu anayetafuta mufuko uliotoboka.

Mama Mélanie akatoka, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. “Papa Hilaire, weye njo ulikuja hapa na makasi. Nilikuona na macho yangu. Ulipima nini, kivuli yangu?”

“Mama, mulango yako ilijikunja kidogo. Ni jua.”

“Ilijikunja! Chuma! Siku ya dote ya mutoto wangu njo chuma inajikunja!” Akanigeukia. “Mama Laure, sema kintu. Bantu banafika saa nane.”

Nilitoa mètre yangu ya kushonea shingoni. Mulango, sentimeta sitini na nane. Kanapé, themanini na nne. Hapo hakuna kusukuma, hata ungeleta wanaume wote wa Kakontwe wenye kuvunja mawe.

Njia ilikuwa moja tu. Kutoa kitambaa cha nyuma, kukata mugongo utengane na kiti, kuingiza vipande viwili, na kuvigonga tena ndani. Nilipiga magoti katika vumbi, nikang'oa misumari midogo na meno ya makasi. Velours niliyoishona siku tisa ikafunguka kama kuku anayepasuliwa. Nikachora musitari wa chaki juu ya mbao, munene kama kidole changu. Patrice akashika upande mumoja. Hilaire akachukua musumeno.

Akauweka upana wa vidole viwili kando ya chaki.

“Baba Laure,” nilisema polepole, “kushoto kidogo.”

“Ninaona.”

Akakata. Nilisikia sauti ikibadilika, muntu anayeishi na mbao miaka thelathini anajua ile sauti: musumeno haukuwa tena kwenye kiungo, ulikuwa ndani ya muguu wa nyuma, ule unaobeba uzito wote. “Baba Laure!” Yeye akasukuma kwa nguvu zaidi, kama kwamba ni mbao inayomukosea heshima. Ikapasuka, urefu wote, paa! Mousse, sponji ya ndani, ikatoka kama mate. Na yeye bado anasukuma. Kwenye rangi ya divai damu haionekani haraka, kwa hiyo nilichelewa kuiona. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefunguka mpaka kwenye weupe.

Majirani wa ukuta hawakucheka tena. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Ndipo tukasikia nyimbo kwenye kona ya barabara. Kwa mara ya kwanza katika historia ya dote zote nilizoona Likasi, wakwe walifika mbele ya saa. Mama Mélanie aliangalia ile kanapé iliyofunguka tumbo, akaangalia mukono wa Hilaire. Nilitaka apige kelele. Hakupiga. Alitupa shuka juu ya kanapé na kusema na sauti ndogo, sauti ambayo sikuijua kwake:

“Mubebe ile kintu, mukae kule nyuma ya kuku. Bageni basione. Patrice, kimbia kwa jirani, leta viti vya plastiki.”

Tukakaa nyuma, kando ya kibanda cha kuku na mbabula za mukaa ambazo wanawake walikuwa wanapikia. Nilimukalisha Hilaire juu ya tofali, nikafunga kidole chake na pembe ya kitenge changu. Wanawake waliendelea kugeuza samaki bila kutuangalia, na kutotuangalia kule kulikuwa na uzito. Ndani walianza kupiga vigelegele. Nilijua sasa wakwe wanakaa kwenye viti vyeupe vya plastiki, magoti juu, mbele ya mapazia ya velours, na fotei mbili zimekaa pale kama yatima.

“Lundi, siku ya kuanza juma, nitaanza upya,” Hilaire alisema.

Nilikaza fundo la kitenge kwenye kidole chake.

“Nitamukatia ingine. Ubao iko?”

“Hakuna ubao ya Mama Mélanie. Mousse pia hakuna. Vyote viko chini ya shuka hii.”

“Basi nitakata ya Papa Guy. Lundi. Nitaanza upya, Mama Laure. Leo ni haraka tu. Haraka njo iliniharibia.”

Penseli ilikuwa imemwanguka sikioni. Ilikuwa pale, karibu na kiatu chake, nyekundu, juu ya udongo mukavu. Aliinama kuitafuta. Akapapasa kuume, akapapasa kushoto, akashika mukaa, akauweka sikioni. Nikaona lundi yote mbele yangu. Mulango wa Papa Guy, na baada yake mulango mwingine, na chaki yangu ikizidi kunenepa, na kidole kingine, na kingine, mpaka hakuna mulango Kikula ambako watatuita tena. Na mimi pale kwenye mashine, ninaona na kukanyaga.

“Baba Laure,” nilisema, “huone.”

Samaki ilichiririka mafuta kwenye moto.

“Ninaona kidogo.”

“Huone. Ninajua tangu mvua ya mwaka jana. Na ile asubui niliona unashika ukanda ya Papa Guy. Niliona. Nikanyamaza.”

Akageuza uso. Haukufika kwangu kabisa, ulisimama kando kidogo, kwenye bega. “Uliona?”

“Niliona.”

“Bantu bananicheka mbele ya mulango, na weye uliona.”

“Ndiyo.”

Akavuta mukono wake uliofungwa toka kwangu, akasema: “Sasa unataka nini? Tufunge? Nikae mbele ya nyumba sawa maiti yenye haijaoshwa, batoto banisalimie? Ni hiyo njo unataka?”

Nilikuwa na jibu la muke muzuri. Ningesema, hapana, bwana yangu, tutaenda kwa munganga wa macho, Mungu atasaidia. Lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini ndani walipiga vigelegele tena, na chini ya shuka kuku mumoja alikuwa ameanza kudonoa mousse yetu, na nikachoka kungojea.

“Nataka musumeno,” nilisema.

“Musumeno ya nini?”

“Ya kukata. Wakati ulilala hospitali na malaria, ile kabati uliacha haijaisha, minye njo niliimaliza. Ulirudi, ukafikiri ulimaliza weye. Sikusema, sababu mwanamuke wa mashine akae kwa mashine. Si juu ya macho yako tu, usinielewe vibaya. Hata ungekuwa unaona sawa kipanga, nataka. Miaka hii yote ninashona, na masikio yangu iko kwa mbao. Unifundishe na mudomo. Nikikosa, vidole vyako vitasikia, unitukane. Lakini nataka kukata minye mwenyewe. Nataka, Hilaire.”