Forosadi za Lornah

Lornah ameolewa na mdogo wa Dalmas, mume wangu, na tangu mforosadi wake uanze kuzaa nyuma ya nyumba yao hapa mtaani Manyatta, hatupumui. Kila asubuhi anamletea mama mkwe wetu glasi ya juisi ya yale matunda meusi madogo, kisha anahubiri: weusi ule ndio wenye antioksidanti, unalinda mwili usichakae. Neno lenyewe linamjaa mdomoni kama ugali wa moto, lakini Mama anaitikia kwa kichwa na kumbariki.

Wivu ulinila, sikatai. Mama alikuwa amehama kijijini Katito kwa sababu ya maumivu ya miguu, na Jumapili angechagua atakaa kwa nani. Nilimtaka kwangu. Mimi ni Mbukusu, si wa kabila lao, na miaka yote hii kwa watu wa Dalmas bado ni mgeni. Mama akilala kwangu, nani angeniita mgeni tena?

Jumapili hiyo nikanunua forosadi sokoni, nikazichemsha. Zilikuwa kali ajabu. Nikafanya ninavyofanya na mboga chungu: nikatia magadi. Sufuria nzima ikageuka, ikawa na kijani kile cha ziwa likichafuka.

Nani kuingia jikoni saa hiyo kama si Lornah. Akachungulia.

"Nyieka, umeweka magadi?"

Nyieka ni mke mwenza; ndivyo wake wa ndugu wanavyoitana huku, na siku hiyo neno lilinichoma. Sebuleni kwangu familia nzima ilikuwa inangoja. Nikasubiri acheke, awaite waje waone. Yeye akachukua ndimu, akakamulia sufuriani. Povu likapanda, na wekundu ukaanza kurudi.

"Ongeza sukari," akaninong'oneza. "Na usiwaambie."

Akaibeba glasi mwenyewe. "Mama, hii ni ya Mama Walter," akasema, akinionyesha mimi.

Mama akanywa, akalamba midomo. "Hii imeshinda yako, Lornah. Haina ukali. Mimi nitakaa hapa."

Dalmas akapiga makofi. Lornah naye akapiga, akitabasamu kwa moyo wake wote, na hapo ndipo nilipomchukia kabisa. Angenicheka, ningejua la kumfanya. Sasa Mama analala kwangu, ananiita mwanangu, na aliyenipa haya yote ni Lornah.