Mtandao wa Banda la Ndama

Nyuma ya banda la ndama la Mzee Eliufoo, kule Kirua Vunjo, palikuwa na benchi ambalo familia yake haikulitumia kabisa. Alilitengeneza mwenyewe mwaka aliofiwa na mkewe, kwa sababu aliona watu wanachoka kusimama. Upande ule wa mlima, pale ndipo simu iliposhika mtandao bila kukatika. Ukishuka kuelekea kituo cha afya cha parokia kilichojengwa bondeni, mtandao unapotea. Ukipanda, kilima kinaukinga. Basi watu walikuja kwake. Walipiga simu Arusha, Dar, hata ng'ambo, na wakishamaliza walibaki kumweleza nani kajifungua, nani kapata kazi, kahawa ya nani imeanza kuiva.

Aliyekuja mara nyingi kuliko wote alikuwa nesi Mektrida wa kituo cha afya. Kila alipompima mama mjamzito kwa utrasaundi na kuona kitu asichokielewa, alikipiga picha kwa simu, akapandisha mbio njia ya migombani, akaituma kwa Daktari Kindness aliyekuwa hospitali mjini Moshi. Kisha alikaa kusubiri jibu. Mvua ikinyesha, Mzee Eliufoo alimletea koti. Jibu likichelewa, alimletea maziwa ya moto.

"Shikamoo mzee. Nimekuja tena kukusumbua."

"Marahaba. Kaa hapo mwanangu. Huko chini kuna habari gani?"

Mwaka huu parokia ikaona mbio hizo zitamuua nesi wao. Ndani ya kuta za kituo kulikuwa na waya za kompyuta tangu jengo lilipojengwa. Faili la mgonjwa lilitoka mapokezi likafika maabara bila mtu kunyanyuka. Lakini nje ya jengo waya hizo hazikwenda popote, maana hakuna kampuni iliyokuwa imepandisha waya wa intaneti mpaka huko. Paroko akamwita Priska, fundi mwanamke aliyekulia Kwa Sadala na sasa ana karakana yake Moshi mjini.

"Nafunga ruta inayotumia laini ya simu," Priska alimweleza Mektrida, "halafu naiunganisha na hizi waya zenu. Kila chumba kitapata intaneti."

Akajaribu chumba cha mafaili, akajaribu mapokezi, akapanda hadi juu ya paa. Alishuka na vumbi magotini.

"Dada, hapa tuko ndani ya bakuli. Hakuna kitu."

Mektrida akacheka, akamwonyesha kilimani. "Twende kwa Mzee Eliufoo."

Mzee aliwapokea vizuri, akawapa ndizi mbivu, akasikiliza. Priska alimweleza kwamba ruta yenyewe ni ndogo kama kitabu, itakaa kwenye nguzo juu ya banda. Waya utashuka ndani ya bomba, upite kwenye kihamba, shamba lake la nyumbani, chini ya kahawa na migomba mpaka kituoni. Umeme wa ruta utapanda kwa waya huohuo kutoka kule chini, kwa hiyo hautagusa luku yake.

"Na mfongo je? Si utakata njia ya maji?"

"Hapana mzee. Bomba litapita juu yake."

Mzee akaangalia ng'ombe wake. "Niacheni nifikirie. Njooni kesho."

Mektrida alishangaa, kwa kuwa mzee yule hakuwahi kumkatalia chochote. Njiani Priska alisema pengine anaogopa mionzi. Mektrida hakuamini. Jioni, saa ya kukamua, akarudi peke yake, akamkuta mzee amechuchumaa na ndoo katikati ya magoti.

"Mzee, tumekukosea kitu?"

"Hapana."

Aliendelea kukamua. Ndoo ilipokaribia kujaa ndipo aliposema, "Mkishapata hiyo kitu, utakuja huku kufanya nini?"

Mektrida akachuchumaa kando yake.

"Watoto wangu wananipigia Jumapili, sikatai. Lakini habari za hapa nazipata kwenu. Tangu mama yao aondoke, mimi naamka nikiuliza leo atakuja nani."

"Nitakuja, mzee."

"Usiniahidi. Kazi yako naijua." Akainuka, akaipitisha ndoo mlangoni. "Mlete fundi wako asubuhi. Sikusema sitaki. Nilisema nifikirie, na nimeshafikiria."

Kesho yake kazi ilianza mapema. Priska alisimika nguzo, akafunga ruta ikitazama mnara ulioko upande wa Himo, akafukia waya wa radi ardhini. Mzee Eliufoo alitangulia mbele yao na jembe, akiwaonyesha palipo na mizizi ya mibuni ili wapakwepe. Kila baada ya hatua chache alisimama kumweleza Priska nani alipanda mti ule, na mwaka gani uliugua. Priska alisikiliza kwa furaha, na mtaro ukachelewa.

Walipopumzika, fundi akasema, "Mzee, naweza kukuwekea na Wi-Fi hapa bandani. Watu watakuja wenyewe."

Mzee akafikiri, kisha akacheka mpaka akafuta macho. "Waje wakae wameinama, kila mtu na simu yake, hata salamu hakuna? Hapana mama. Afadhali wasije."

Kule chini mambo hayakuanza vizuri. Priska alichomeka waya kwenye swichi ya mtandao, kisanduku kinachounganisha waya zote za jengo, kompyuta ya mapokezi ikapata intaneti, lakini maabara haikupata. Baada ya dakika chache maabara ikapata, mapokezi ikapoteza. Akachomoa waya mmoja mmoja akichunguza, mpaka akafika kwenye ule uliopanda darini. Huko akakuta kifaa cha zamani kilichosahauliwa, bado kinawaka chini ya utando wa buibui.

"Kila kompyuta inahitaji kupewa anwani ndipo iingie mtandaoni," alimwambia Mektrida. "Ruta yangu inagawa, na hiki nacho kinagawa za kwake. Wagawaji wawili, nyumba moja."

Akakizima. Vyumba vyote vikapata intaneti, na Mektrida akapiga kigelegele hadi wagonjwa wakatoka kuangalia.

Wiki hiyohiyo akaletwa Monica, mimba yake ya kwanza imefikia mwisho, amesindikizwa na mama mkwe wake, Elinipendo. Mektrida alipoweka kipimo aliona mtoto amelala mkingamo. Hakukimbia popote. Aliwasha kompyuta iliyokuwa kando ya kitanda, na Daktari Kindness akatazama picha moja kwa moja kutoka Moshi.

"Sogeza kushoto. Hapo, tulia. Ndiyo, amelala vibaya. Usisubiri uchungu uanze. Mlete leo, mimi nipo."

Gari la parokia likamchukua Monica na mumewe. Elinipendo, ambaye miguu ilikuwa inamsumbua, alibaki kwenye ukumbi wa kusubiri, akivuta kitambaa chake kichwani na kukifunga tena.

Hapo ndipo Mzee Eliufoo alipoingia, amevaa shati safi na kofia, mkononi ana chupa ya maziwa ya moto.

"Nimeona watu hawapandi," alimwambia Mektrida, "nikasema basi nishuke mimi."

Akamsalimia Elinipendo, akakaa naye, akamjazia kikombe. Wakaongea kwa Kichagga juu ya wazazi wao waliofahamiana. Saa za alasiri simu ya video ikaingia: Monica amefanyiwa upasuaji, yeye mzima, mtoto wa kike mzima. Elinipendo akamkumbatia nesi, kisha akamkumbatia na mzee, jambo ambalo lilimfanya mzee atafute kofia yake sakafuni.

Tangu siku hiyo akawa anashuka kila asubuhi baada ya kukamua, na kina mama waliokuja kliniki wakazoea kumwekea nafasi. Monica aliporudi kutoka hospitali, Elinipendo alituma watu wamwite mzee nyumbani kwake. Kulikuwa na mtori wa ndizi, kulikuwa na nyama ya mbuzi, na Mektrida alikuwepo. Mzee Eliufoo alikula bakuli mbili. Kisha Monica akamwekea mtoto mapajani, naye akatulia tuli bila kusogeza hata kidole, mpaka mtoto alipoamka na kuomba kunyonya.